Risasi ya ncha ndani ya rivolva ya baruti: kazi yote ni kuiingiza wima

Anayejaza rivolva ya baruti nyeusi, bastola yenye silinda ya vyumba inayozunguka, kwa gololi, yaani risasi ya mviringo, hana wasiwasi mwingi. Gololi haina juu wala chini, haina mbele wala nyuma; itie utakavyo, ikishashindiliwa chumbani ni ile ile. Risasi ya ncha ina kichwa na ina kisigino. Ikiingia imelala upande hata kidogo, haitajinyoosha yenyewe huko mbele, na itakakofikia siko ulikolenga. Malalamiko karibu yote kuhusu risasi hizi, kwamba hazina shabaha, kwamba zinagoma kuingia, kwamba zinazuia silinda isizunguke, yanatokana na mambo mawili: haikuingia wima, au haikubaki pale ilipowekwa.

Hapa Lamu kila mtu mzima anajua gobori lilijazwaje: baruti, kizibo, risasi, mdeki wa kushindilia, kisha fataki, kile kikombe kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo. Rivolva za aina hii zinafuata mpango huo huo, ila hujazwa kwa mbele ya silinda badala ya mdomo wa mtutu, mara tano au sita. Wanaoniuliza wengi ni wenyeji wa huku walioko Marekani na Uingereza, ambako watu hupiga shabaha kwa nakala za silaha hizi viwanjani. Basi tumalize la sheria kwanza. Marekani, sheria ya shirikisho huziweka nakala nyingi za namna hii kando na silaha za kawaida, lakini majimbo yana masharti yao. Uingereza unahitaji cheti. Kenya tuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwenye kutoa leseni ni Bodi ya Leseni za Silaha. Usidhani kwamba umbo la kizamani linaigeuza bastola kuwa pambo la ukutani. Na baruti haipandi ndege, iwe kwenye mkoba au kwenye sanduku. Usishuke uwanja wa ndege wa Manda na kopo lake ukitarajia watu wacheke.

Ninazozizungumzia ni zile za fataki: Colt Navy ya 1851 ya kaliba .36, Colt Army ya 1860 ya kaliba .44, na Remington New Model Army ya .44, pamoja na nakala zake zinazotengenezwa Italia na kampuni za Uberti na Pietta. Risasi ya ncha si uzushi wa juzi kwa silaha hizi. Kalibu za Colt za zamani zilikuwa na vyumba viwili, kimoja cha gololi na kimoja cha risasi ya ncha, na katika vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 askari waligawiwa vifurushi vya karatasi inayoungua, baruti ndani na risasi ya ncha mbele.

Tofauti kubwa ni uzito. Gololi ya inchi .454 ina greni 141 hivi, yaani gramu 9. Risasi ya ncha ya .44 inayopatikana sana ina greni 200, karibu gramu 13. Katika .36, gololi ya .375 ina greni 79, na ya ncha huwa karibu 130. Uzito huo una gharama mbili. Shinikizo ndani ya chumba hupanda kwa sababu baruti inasukuma mzigo mkubwa zaidi, na urefu wa risasi unakula nafasi ya baruti. Kwa hiyo kipimo kilichokuwa kikitosha gololi hakihamishiwi kwenye risasi ya ncha. Kwa .44 yenye kiunzi (fremu) cha chuma, anayetumia greni 25 hadi 30 za baruti ya 3F, ile ya punje ndogo, nyuma ya gololi ashuke hadi 20 au 25. Kwa .36, greni 15 hadi 18 zinatosha. Kitabu cha mtengenezaji kikisema chini ya hapo, kifuate hicho.

Kama kiunzi ni cha shaba ya manjano, acha kabisa. Shaba hunyumbuka. Kila teke la risasi nzito linasukuma silinda kuigonga ngao ya nyuma mpaka ibonyee, mhimili unalegea, na mwanya kati ya silinda na mtutu unapanuka mpaka unaingiza ukucha. Bastola hiyo ilishe gololi na baruti kidogo, itaishi.

Na baruti ni nyeusi tu, au mbadala uliotengenezwa kwa ajili ya silaha za baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, hata kiasi kidogo kinaweza kupasua silinda. Mbadala nao hupimwa kwa ujazo, kwa kile kile kipimio cha baruti nyeusi. Ukiuweka kwenye mizani na kutafuta uzito ule ule unaweza kupitisha kiasi, kwa kuwa mingi ni myepesi.

Risasi yenyewe iwe laini

Madini yawe risasi safi, laini kiasi kwamba ukucha unaacha alama. Hapa pwani ndipo watu hukosea, kwa sababu wavuvi wana mazoea ya kuyeyusha betri za magari kwa ajili ya chubwi za mishipi. Madini ya betri yana antimoni na vitu vingine vya kuyakaza. Chubwi haidhuriki kwa hilo. Risasi ya rivolva inadhurika, kwa kuwa lazima inyolewe na mdomo wa chumba inapoingia. Ikiwa ngumu, utaegemea wenzo unaosukuma mdeki kwa nguvu zote na kitakachovunjika ni skrubu au wenzo wenyewe. Juu ya hayo, moshi wa betri una sumu zaidi ya ile ya risasi tupu. Vizito vya magurudumu navyo ni vigumu mno.

Anayejimiminia afanye kazi nje, upepo ukimpiga mgongoni, na sufuria isirudi jikoni abadani. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, na tone moja la maji likidondokea ndani hugeuka mvuke papo hapo na kurusha madini moto usoni. Miwani, mikono mirefu, watoto mbali, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Sasa umbo. Risasi ya ncha iliyotengenezewa rivolva ina kisigino: sehemu ya chini iliyopunguzwa ili iingie chumbani kwa kidole bila kulazimishwa. Juu ya kisigino kuna ukanda mpana kuliko chumba, na huo ndio unaonyolewa. Pima vyumba vyako kwa kalipa kabla ya kununua chochote. Kwenye nakala nyingi za .44 utakuta kati ya inchi .446 na .450, na ukanda wa risasi unatakiwa uzidi chumba kwa inchi 0.002 hadi 0.004. Ukizidi sana, unashindilia kwa taabu na umbo linaharibika. Ukilingana na chumba, risasi itaingia vizuri na kutoka vizuri, hata pale usipotaka itoke. Ruger Old Army ina vyumba vikubwa zaidi na inataka gololi ya .457, basi risasi ya ncha ya Remington ndani yake ni bure.

Risasi za bunduki za kisasa zenye kaliba ya jina moja zisizo na kisigino hazifai. Hakuna kinachoziongoza mdomoni mwa chumba, na zitaingia mshazari kama kigingi kilichopigiliwa kwenye mchanga.

Tazama mdeki kabla ya kujaza

Hili ndilo jambo linalosahauliwa. Uso wa mdeki wa nakala nyingi umechongwa bakuli dogo linalolingana na gololi. Ukiuegemeza juu ya ncha ndefu, unagusa kwenye duara moja jembamba au kwenye kilele tu, na kilele kikibonyea upande, risasi nzima inafuata upande huo. Chukua risasi moja, ipake wino wa kalamu ya alama kichwani, igandamize kwa mdeki ndani ya chumba kitupu, uitoe na kuitazama. Wino ukifutika kuzunguka pande zote sawasawa, mdeki wako unafaa. Ukifutika upande mmoja, tafuta mdeki wenye bakuli la umbo la risasi yako, au tumia kishindilio cha mezani kinachojaza silinda ikiwa imetolewa kwenye bastola. Mimi hicho cha mezani nakipenda zaidi: wenzo wa bastola haupati shida, unaona unachofanya, na unaweza kuinamisha macho mpaka usawa wa mdomo wa chumba. Silinda ijazwayo hivyo haiwekwi fataki mpaka irudi kwenye kiunzi.

Pima pia dirisha. Kwenye Colt ya 1851 nafasi iliyokatwa kwenye mtutu ili risasi ipite chini ya mdeki ni finyu, na risasi ndefu hugonga ukingo kabla haijafika. Ukilazimisha, ndiyo imekwisha kulala.

Kujaza

Anza na silinda tupu. Weka fataki kwenye kila chuchu, kile kijitundu cha nyuma ya chumba kinachopitisha moto, elekeza mdomo wa mtutu karibu na majani mafupi uwanjani na uzifyatue zote. Majani yakitikisika, tundu liko wazi na mafuta yameungua. Yasipotikisika, chuchu imeziba, itoe, isafishe. Mafuta yaliyobaki chumbani ndiyo mwanzo wa baruti iliyolowa na risasi isiyotoka.

Weka nyundo nusu ili silinda izunguke. Mimina baruti kutoka kwenye kipimio, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe au chupa. Cheche moja iliyosalia chumbani ikikutana na pembe nzima ya baruti, mkono haupo. Kwa risasi ya ncha yenye mifuo iliyojazwa nta, kizibo cha sufu juu ya baruti si lazima, na mara nyingi hakina pa kukaa.

Simamisha risasi kwa kisigino chake mdomoni mwa chumba. Itazame kutoka mbele, kisha kutoka ubavuni. Zungusha silinda polepole mpaka risasi iwe chini ya mdeki, itazame tena, kisha bonyeza kidogo tu mpaka ukanda uume. Legeza. Kama imeanza wima, malizia kwa mwendo mmoja mpaka uhisi baruti imebanwa. Pasibaki hewa kati ya baruti na risasi, na ncha iwe ndani kabisa ya uso wa silinda. Ikitokeza hata unene wa kucha, silinda itagoma kuzunguka ikifika kwenye mtutu. Kama chumba cha kwanza kimetokeza, usijaze vingine kwa kipimo hicho, punguza baruti.

Halafu soma pete. Ukanda unaponyolewa huacha pete ya risasi mdomoni mwa chumba. Pete nzima yenye unene mmoja inakwambia risasi imeingia wima. Pete ya mwezi mwandamo, nene huku na kutoweka kule, inakwambia imeingia imelala, na hiyo itie alama na usiihesabu kwenye karatasi ya shabaha. Pasipo na pete kabisa, risasi ni ndogo kwa chumba hicho. Ziondoe pete zote, zisidondoke kwenye mitambo.

Acha chumba kimoja kitupu na ushushe nyundo juu yake. Remington ina mapengo kati ya vyumba yanayoweza kupokea nyundo, Colt ina vipini vidogo vya kazi hiyo, lakini vipini huchakaa. Chumba kitupu hakichakai.

Fataki ni za mwisho, ukiwa umeshasimama mahali pa kupigia na mtutu umeelekea shabaha. Namba 10 au 11 kutegemea chuchu. Ile inayokaa imara bila kubanwa ndiyo yako. Isukume mpaka mwisho kwa kijiti cha mti.

Mafuta ya joto letu

Waandishi wa nchi za baridi watakwambia mafuta haya na yale yanafaa. Hapa kusi na kaskazi vina maoni yao. Mafuta ya nazi huyeyuka karibu nyuzi 24, kwa hiyo Lamu ni maji karibu mwaka mzima. Yakiwekwa peke yake kwenye mifuo ya risasi yatateremka kwenye baruti. Nta ya nyuki huyeyuka zaidi ya nyuzi 60, na ndiyo inayobeba kazi. Nta na shahamu kwa uzito sawa, yakayeyushwa ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, yanatosha wakati wa kusi. Wakati wa kaskazi ongeza nta, tatu kwa mbili. Shahamu iwe safi, bila chumvi, na isiwe ile iliyokwisha changanywa na chokaa kwa ajili ya kupaka chini ya jahazi. Grisi ya magari iache garini: ikiungua pamoja na baruti nyeusi huacha lami ngumu mtutuni.

Panga risasi wima kwenye sahani, mimina mchanganyiko ufunike mifuo, acha ugande, kisha ziondoe moja moja. Kisigino kifutwe kikavu. Hata mchanganyiko mzuri haupaswi kuachwa ndani ya bastola iliyojazwa juani. Jaza, piga, maliza.

Yanayoharibika

Risasi kutambaa mbele ndilo tatizo mahususi la uzito huu. Chumba kimoja kikilipuka, bastola nzima inarudi nyuma kwa ghafla, na risasi nzito katika vyumba vingine zinabaki nyuma ya mwendo huo, maana yake zinasogea mbele. Zikitokeza, silinda inakwama. Zikisogea bila kutokeza ni vibaya zaidi kwa sababu huoni: kumezaliwa nafasi ya hewa juu ya baruti. Kujaribu ni rahisi. Jaza vitano, piga vitatu, ondoa fataki kwenye viwili vilivyobaki, toa silinda, na upime kina cha ncha kwa kijiti ulichokitia alama mwanzoni. Kina kikibadilika, tafuta risasi yenye ukanda mnene zaidi au punguza baruti.

Mlipuko wa mfululizo, ambapo chumba cha jirani hulipuka bila nyundo, una njia mbili. Moto hupita mbele pale risasi isipoziba chumba, au hupita nyuma pale fataki inapolegea au kuanguka. Watu hupaka grisi mbele na kujiona salama huku fataki zao zinacheza. Risasi ya ncha iliyolala haizibi upande mmoja. Hapo tena tumerudi kwenye pete ya mwezi mwandamo.

Fataki ikilia na baruti isiwake, mtutu ubaki umeelekea shabaha kwa dakika nzima kabla ya kufanya lolote. Kisha fataki mpya. Ikikataa mara ya pili, ngoja tena, ondoa fataki zote, toa silinda, fungua chuchu na umwage baruti kwa tundu la nyuma. Risasi isukumwe nje kutoka nyuma kwa ufito wa shaba. Na mlio ukiwa mdogo kuliko kawaida, usipige tena kabla ya kuhakikisha mtutu uko wazi.

Usishangae risasi ya ncha ikipiga juu kuliko gololi kwenye mita 25. Iko nzito na polepole, inakaa mtutuni muda zaidi wakati mdomo unapanda. Rivolva hizi kwa kawaida tayari hupiga juu kwa umbali huo. Kupiga tupa lenzo la mbele, kile kijiti cha kulengea mdomoni mwa mtutu, kutazidisha. Linatakiwa liwe refu zaidi. Kwenye Colt, ambako lenzo la nyuma ni mkato kwenye nyundo, mkato ukiongezwa kina kidogo kidogo shabaha inashuka. Amua kwanza utakaa na risasi gani, ndipo ushike tupa.

Kwa maoni yangu, asiye na sababu ya uzito, au asiyetaka kutengeneza vifurushi vya karatasi (kisigino ni pazuri sana pa kubandika karatasi ya sigara), abaki na gololi. Kwenye karatasi ya shabaha gololi humshinda mwenye risasi ya ncha mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri.

Kuosha

Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na hewa yetu ina unyevu na chumvi vyote viwili. Kuosha ni siku ile ile. Tumia maji moto na sabuni ya vyombo, lakini maji ya mvua kutoka jabia, au ya kununua. Maji ya kisima yenye chumvi yanaleta kile unachokikimbia. Colt toa kabari utenganishe mtutu. Remington toa silinda. Fungua chuchu zote, piga brashi kwenye vyumba na mifuo ya mtutu, suuza kwa maji ya moto sana ili chuma kipate joto na kijikaushe. Ingiza kijiti chenye kitambaa kwenye kila chumba mpaka chini, kwani pembe ya ndani ndiko unyevu hujificha. Kisha mafuta mepesi kila mahali, na grisi kidogo kwenye nyuzi za chuchu, la sivyo safari ijayo utazivunja ukizifungua.

Siku ya pili pitisha kitambaa cheupe mtutuni na kwenye kila chumba. Kikitoka na rangi ya kahawia, osha upya na upake tena, kisha uangalie baada ya wiki.